DAMU MPYA KWA WATOTO WETU: TIBA IPO, NJIA NI NDEFU



Katika vijiji vyetu vya Nachingwea na Ruangwa wapo watoto wanaougua mara kwa mara. Leo mtoto anacheza vizuri, kesho analia mifupa inamuuma. Macho yanakuwa ya njano. Damu inapungua, anakimbizwa hospitali kuongezewa. Baada ya mwezi, hali ni ile ile. Zamani, familia ilipofiwa na watoto wawili au watatu kwa namna hiyo, majirani walinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Hakuna mkono wa mtu. Huo ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita siko seli. Wataalamu wanakadiria kuwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao hapa Tanzania. Leo tunataka kueleza habari mbili. Ya kwanza ni njema: ugonjwa huu sasa unaweza kuponywa kabisa, tena hapa hapa nchini. Ya pili ni ngumu: wanaoifikia tiba hiyo bado ni wachache sana. Tuone kwa nini, na sisi wa vijijini tufanye nini.

Ugonjwa huu ni nini?

Damu yetu ina chembe nyekundu ndogo mno, ambazo huitwa seli. Kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Seli nzima ni ya mviringo na ni laini, hupita popote. Seli ya mgonjwa hupinda kama mundu, kile kifaa cha kuvunia mpunga. Mundu zikikutana kwenye mshipa mwembamba, zinakwama na kuziba njia. Hapo ndipo maumivu makali yanapoanza.

Tena seli hizo hazidumu. Seli nzima huishi siku 120 hivi. Seli iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana mtoto anaishiwa damu hata kama anakula vizuri.

Mtoto anaupata wapi? Anaurithi kwa baba na mama, wote wawili. Mzazi anaweza kubeba mbegu ya ugonjwa huu bila kuumwa hata siku moja. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Basi baba asimlaumu mama, na mama asimlaumu baba. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha kuwa anayebeba mbegu moja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu mbegu hiyo imeenea sana katika nchi zenye mbu wengi kama hizi zetu.

Kiwanda cha damu

Sasa tuje kwenye tiba. Ukivunja mfupa wa mbuzi unakuta kitu laini ndani yake, ambacho watoto hupenda kukinyonya. Kile ni uloto. Kwa binadamu, uloto ndio kiwanda cha damu. Ndani yake mna seli za pekee zinazoitwa seli shina. Kama vile shina la mti linavyotoa matawi, seli hizi huzaa seli zote za damu, maisha yote ya mtu. Kwa mtoto wa selimundu, kiwanda chenyewe ndicho chenye kasoro. Ukimwongezea damu unamsaidia kwa muda, lakini kiwanda kinaendelea kutoa mundu.

Je, tunaweza kubadili kiwanda? Wakulima wa korosho watatuelewa upesi. Mkorosho wa zamani usiozaa vizuri tunaukata, halafu machipukizi yake tunayabebesha vikonyo vya mkorosho bora. Matawi mapya yanazaa korosho nzuri. Tiba ya seli shina inafanana na hiyo.

Kwanza mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uloto wake wenye kasoro. Kisha seli shina za mtu mzima wa afya hutolewa, ama ndani ya mfupa wa nyonga akiwa amelazwa usingizi, ama katika damu yake. Mgonjwa huwekewa kwa mpira kwenye mshipa, kama anavyoongezewa damu. Seli hizo huifuata njia zenyewe mpaka ndani ya mifupa, na baada ya wiki mbili au zaidi huanza kutengeneza damu mpya. Aliyetoa hapungukiwi, maana uloto wake hujijaza tena.

Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walieleza habari za mtoto mwenye saratani ya damu ambaye alikuwa pia na selimundu. Walimpandikiza uloto kwa ajili ya saratani, na siko seli nayo ikaondoka. Hapo dunia ikajua kuwa inawezekana. Kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni kumpata wa kutoa. Kikonyo cha mchungwa hakishiki kwenye mkorosho. Vivyo hivyo seli za mtu yeyote tu hazikubali. Anayefaa zaidi ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa. Wengi hawapati.

Cha pili ni hatari. Zile dawa kali huondoa kinga ya mwili, hivyo mtoto hukaa chumba cha peke yake kwa wiki nyingi. Wengine hupata maradhi mengine, au damu mpya hushambulia mwili. Dawa hizo pia zaweza kumzuia mtu asizae baadaye. Katika hospitali zenye uzoefu, watoto waliopata ndugu anayelingana huishi zaidi ya 9 kati ya 10. Lakini wapo wanaofariki, na wazazi lazima waelezwe hilo kabla ya kukubali.

Cha tatu ni fedha. Tiba hii hugharimu makumi ya mamilioni ya shilingi. Ni mkulima gani wa ufuta au mbaazi atazitoa mfukoni? Nje ya nchi ni zaidi. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba mpya, ambayo hurekebisha seli shina za mgonjwa mwenyewe, bila kuhitaji ndugu. Bei yake huko Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja!

Cha nne ni umbali. Kutoka Nachingwea kupitia Lindi na Dar es Salaam hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 900. Mzazi hukaa huko miezi. Nani atapalilia shamba? Nani atawalea waliobaki nyumbani?

Cha tano ndicho kinachotuuma zaidi. Watoto wengi hawajapimwa. Wanafariki wakiwa wadogo, na wazazi hawajui hata jina la ugonjwa.

Tufanye nini sasa?

Ndugu zetu, tusikae kuisubiri Dodoma. Yako mambo yanayookoa maisha leo.

1. Mtoto akivimba vidole vya mikono na miguu, akiwa na macho ya njano au akipungukiwa damu mara kwa mara, apelekwe kupimwa selimundu. Kama kituo chenu hakina kipimo, muulizeni mganga awaandikie mwende wapi.

2. Aliyegundulika apelekwe kliniki bila kukosa. Mtoto wa chini ya miaka mitano hupewa penisilini ya kumkinga. Ipo pia dawa ya haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu na kuongeza umri wa kuishi. Muulizeni daktari habari zake.

3. Alale ndani ya chandarua kila siku, anywe maji mengi, asipigwe na baridi, apate chanjo zote.

4. Akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

5. Mtu akija kijijini na makopo ya unga au vidonge na kusema ndani mna seli shina za kuponya kila ugonjwa, msimpe fedha zenu. Seli shina za kuponya selimundu hupandikizwa hospitali, na daktari bingwa. Hazinywewi na uji.

Kuhusu gharama, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Katika mkutano wa kijiji muulizeni diwani na mtendaji: bima hii inatufikiaje, na mtoto wa selimundu analipiwa nini? Kuuliza ni haki yetu. Tukinyamaza, nani atajua kuwa watoto wetu wapo?

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi tusiwafiche watoto ndani. Twende tukapime.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mama peke yake hawezi kulaumiwa kwa ugonjwa huu?
2. Kupandikiza uloto kunafanana vipi na kubebesha mikorosho?
3. Kutoka kijijini kwenu, kipimo cha selimundu kinapatikana wapi? Mtumeni mwenzenu mmoja akaulize, alete jibu.