Linux na Suala la Amri Moja ya Huduma

Linux, kwa hakika, ni jina la kiini tu cha mfumo wa tarakilishi. Makundi mbalimbali hukifungasha kiini hicho pamoja na programu nyinginezo, na kila kundi likatoa toleo lake: Debian, Fedora, Slackware, Gentoo na mengine mengi. Ndani ya kila toleo mna huduma, yaani programu zinazofanya kazi chinichini bila kuonekana, kwa mfano ile inayowapelekea wasomaji kurasa za wavuti. Huduma inapokwama, sharti msimamizi aizime na kuiwasha upya. Je, amri ya kufanya hivyo inastahili kuwa moja katika matoleo yote?

Tofauti zilizopo si za msamiati tu bali za sintaksia pia. Katika matoleo ya awali ya Red Hat, msimamizi aliandika "service httpd restart": jina la huduma kwanza, kisha kitenzi. Siku hizi huandika "systemctl restart httpd", kitenzi kikitangulia. Gentoo hutumia "rc-service", ilhali Void Linux hutumia "sv". Kuhusu kuifanya huduma ijiwashe yenyewe tarakilishi inapoanza, mambo hutatanisha zaidi: Red Hat ilikuwa na "chkconfig", Debian "update-rc.d", nayo Slackware humtaka msimamizi aipe faili ya huduma ruhusa ya kutekelezwa, basi. Aliyebobea katika toleo moja hugeuka mwanagenzi mbele ya jingine, na aghalabu hugundua hivyo wakati mbaya, seva ikiwa imezimika na watu wakingoja.

Jaribio la mapema la kuleta mwafaka lilikuwa Linux Standard Base, ambayo mwaka 2006 ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 23360. Kiwango hicho kiliorodhesha vitenzi ambavyo hati ya kila huduma ilipaswa kuvitii, kama vile "start", "stop", "restart" na "status". Busara yake ilikuwa hapo: maneno yalisanifishwa, utekelezaji ukaachiwa kila kundi.

Umoja mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2010 Lennart Poettering alitangaza systemd. Fedora iliipokea mwaka 2011, kamati ya kiufundi ya Debian ikaichagua mwaka 2014, na Ubuntu, iliyokuwa na Upstart yake tangu 2006, ikafuata mwaka 2015. Hivyo "systemctl" ikawa lugha ya wengi. Lakini amri hiyo haikuja peke yake. Ilikuja na mtambo mzima unaofuatilia michakato na kuhifadhi kumbukumbu za mfumo. Walioukataa mtambo ilibidi waikatae na amri. Baadhi yao walijitenga na Debian, wakaunda Devuan, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2017.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kisa hiki si kigeni. Kiunguja kilipoteuliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita hakikunyamaza. Washairi wake waliendelea kutunga. Usanifu wa matumizi ya pamoja haulazimu kila nyumba ibadili lahaja yake. Vivyo hivyo, amri ya pamoja inafaa, mradi isiandamane na sharti la kuwa na mtambo mmoja. Amri kongwe ya "service" inakaribia lengo hilo: penye systemd huupitisha ujumbe kwa "systemctl", na katika Devuan huendesha hati za kale. Pengo lake ni kwamba haimwezeshi msimamizi kuamua huduma ipi ijiwashe mwanzoni. Wapo wanaohoji kuwa maneno machache hayawezi kubeba uwezo wote wa systemd. Ni kweli, ila kazi za kila siku hazihitaji uwezo wote huo.

Lililosahaulika katika mabishano haya ni nomino. Huduma ya Apache huitwa "apache2" katika Debian na "httpd" katika Fedora, ingawa yote mawili hutumia "systemctl". Kukubaliana kuhusu majina hakumlazimu yeyote kubadilisha mtambo wake. Yasiposawazishwa, mwongozo uliotungwa kwa ajili ya Fedora utaendelea kumkwamisha msomaji wa Debian katika mstari wa kwanza.