Alma Thomas na Mti wa Dirishani

Alma Thomas, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1891, alifundisha sanaa shuleni mjini Washington hadi alipostaafu mwaka 1960. Baridi yabisi ikamkaza viungo, akakaribia kuacha brashi. Alipoandaliwa maonyesho na Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1966, alitamani kuleta jambo jipya. Akautazama mti uliokuwa mbele ya dirisha lake. Hakuchora shina wala tawi. Aliuchukua mwanga uliopenya majanini, akaugeuza kuwa vipande vifupi vya rangi, safu kwa safu, akiacha weupe baina yake. Basi hukosea anayedhani kwamba uchoraji usioiga maumbo huukimbia ulimwengu. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 80, alikuwa mwanamke Mmarekani Mweusi wa kwanza kupewa maonyesho yake binafsi katika makumbusho ya Whitney, New York.