Kwa Nini Joto Linazidi na Malaria Inapanda Milimani?

Zamani watu wa nyanda za juu hawakuisumbukia sana malaria. Katika milima ya Usambara, kwa mfano, watu wa mabondeni waliugua zaidi kuliko watu wakaao juu. Sababu yake kubwa ni baridi.

Mbu akimwuma mgonjwa hunyonya damu yenye vijidudu vya malaria. Lakini hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku ile ile. Lazima vijidudu vikue kwanza ndani ya mwili wa mbu. Mahali penye joto la nyuzi 25 huchukua siku 12 hivi. Mahali penye nyuzi 20 huchukua karibu mwezi mzima, na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Chini ya nyuzi 16 havikui kabisa.

Basi joto likizidi kidogo tu, hata nyuzi moja au mbili, mbu wa mlimani anapata nafasi. Sisemi kwamba joto ndilo sababu pekee. Watu husafiri na kurudi na ugonjwa, misitu hukatwa, mabonde hulimwa. Lakini joto nalo limo.

Je, joto hili linatoka wapi? Wazee huniambia kuwa jua limesogea karibu. Sivyo. Wataalamu wamelipima jua kwa vyombo vilivyo angani tangu mwaka 1978, na ukali wake haukuongezeka. Kilichobadilika ni hewa.

Kumbuka usiku wa kiangazi. Mbingu zikiwa wazi, alfajiri huwa na baridi kali. Mawingu yakitanda, hatutetemeki sana. Mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee juu, kama blanketi linavyozuia joto la mwili. Iko hewa nyingine ifanyayo kazi hiyo, nayo haionekani kwa macho. Inaitwa hewa ya ukaa. Hutoka pale tunapochoma kuni, mkaa, makaa ya mawe, petroli na dizeli.

Kabla ya viwanda vikubwa kujengwa, katika kila sehemu 1,000,000 za hewa, sehemu 280 zilikuwa za ukaa. Sasa zimepita 420. Blanketi limekuwa zito. Dunia nzima imepata joto zaidi kwa nyuzi moja na ziada, na mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa.

Ni nani aliyelifanya blanketi kuwa zito? Kwa sehemu kubwa ni viwanda, mitambo ya umeme na magari ya nchi kubwa, kama Marekani, nchi za Ulaya na Uchina. Bara zima la Afrika hutoa chini ya sehemu 5 katika kila 100 za ukaa unaotoka viwandani na katika magari. Mkulima wa jembe la mkono hakulileta jambo hili, naye ndiye anayekosa mvua. Mwaka 2015 mataifa yalipatana mjini Paris kupunguza moshi huo. Ni haki yetu kudai watimize.

Hata hivyo misitu ni yetu. Mti unapokua huvuta ukaa na kuuweka katika shina na mizizi. Ukikatwa na kuchomwa, ukaa wote hurudi hewani.

Tazameni Shinyanga. Misitu ilifyekwa huko ili kufukuza mbung'o na kulima pamba, mpaka nchi ikawa tupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa HASHI. Jambo la maana ni kwamba wataalamu hawakuleta miche tu. Waliwasikiliza Wasukuma, ambao tangu zamani walikuwa na ngitili, yaani eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani na miti iote, kisha hufunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi. Ngitili zilirudishwa katika vijiji vingi. Miti iliota yenyewe kutoka visiki vya zamani. Watu wakapata kuni, dawa, asali na malisho. Kijiji chochote chaweza kutenga eneo la namna hiyo kwa uamuzi wa mkutano wake, bila kungoja miche ya kununua.

Nyumbani, jiko la udongo lililozungushiwa ukuta hula kuni chache kuliko mafiga matatu. Kuni ziwe kavu. Loweka maharage usiku kucha kabla ya kuyapika, nayo yataiva upesi. Moshi ukipungua, kifua cha mama na cha mtoto mchanga kinapona pia. Kwa kweli, hata kama joto la dunia lisingezidi, ningewashauri hivyo hivyo.

Siku za joto kali, limeni asubuhi na jioni. Wapeni wazee na watoto maji mara kwa mara. Baada ya mafuriko, chemsheni maji ya kunywa, kwani vyoo vikifurika kipindupindu huwa karibu. Anayeharisha apewe maji haya huku akipelekwa zahanati: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Nanyi mkaao milimani, laleni ndani ya chandarua chenye dawa. Mtoto akipata homa, mleteni siku hiyo hiyo apimwe damu. Msingoje kwa kusema kwamba huku kwetu hakuna malaria.