Bei Isiyobadilika ya Stima: Yamfaa Nani?

Katika nchi za Uingereza, Scotland na Wales, mnunuzi wa stima ya nyumbani huchagua njia moja katika mbili. Ya kwanza ni bei ibadilikayo, iliyowekewa kikomo tangu Januari 2019. Kikomo hicho hutazamwa upya kila miezi mitatu. Ya pili ni bei ya mapatano, isiyobadilika, kwa kawaida kwa mwaka mzima.

Yafaa ieleweke kwamba kisichobadilika ni bei ya kila yuniti na ada ya kila siku, wala si jumla ya malipo. Atumiaye stima nyingi atalipa nyingi vilevile.

Mwaka 2022, gesi iendeshayo mitambo mingi ya stima huko ilipopanda bei, waliokuwa wamekwisha kupatana walisalimika. Lakini apatanaye bei ikiwa juu, kisha ikashuka, hubaki na mzigo; na akijitoa mapema huenda akatozwa ada, isipokuwa katika siku 49 za mwisho.

Basi kabla ya kupatana, na atazame hati zake za malipo za mwaka uliopita, apige hesabu kwa bei zote mbili. Mwenye akiba aweza kungoja. Bali yule ambaye hati moja kubwa ingewanyima watoto wake chakula, hata akilipa zaidi kidogo, amenunua usalama.