Flanja ya Gitaa: Jinsi Inavyofanya Kazi na Jinsi ya Kuichagua

Ndege ya jeti inapopita juu, mtu aliye chini husikia mvumo wake ukibadilika polepole, kana kwamba ndani ya mvumo ule mkubwa imo sauti nyingine nyembamba inayoteremka na kupanda. Injini peke yake haitoshi kueleza jambo hilo. Mvumo humfikia msikilizaji kwa njia mbili: njia ya kwanza ni ya moja kwa moja kutoka angani, na ya pili ni ya sauti iliyogonga ardhi kwanza ndipo ikarudi juu hadi sikioni. Njia ya pili ni ndefu zaidi, kwa hiyo sauti yake huchelewa kidogo. Sauti hizo mbili zinapokutana, sehemu nyingine za mvumo huongezeka nguvu na sehemu nyingine hufifia. Kwa kuwa ndege inasogea, ucheleweshaji nao hubadilika, na sikio huyatambua mabadiliko hayo kama sauti inayotembea.

Wapiga gitaa wengi hununua kifaa kidogo cha kukanyaga kwa mguu, kiitwacho flanja, ambacho huleta athari iyo hiyo kwa njia ya umeme. Wengi hukinunua kwa kuvutiwa na sauti yake, bila kuelewa kinachotendeka ndani yake. Matokeo yake ni kwamba mmoja hushangaa gitaa lake la besi limepoteza uzito, mwingine hupata mlio usiotakiwa, na wa tatu hukiunguza kifaa chenyewe siku ya kwanza kwa kukiunganisha na umeme usiofaa. Mambo yote hayo huweza kuepukwa na mtu aliyesoma fizikia ya mawimbi ya kidato chochote.

Mawimbi mawili yanapokutana

Sauti ni mtetemo. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja huitwa marudio, nayo hupimwa kwa hezi. Hebu ichukuliwe sauti yenye marudio ya hezi 500. Kila mtetemo wake huchukua sehemu mbili kwa elfu moja za sekunde, yaani milisekunde 2. Nakala ya sauti hiyo ikicheleweshwa kwa milisekunde 1, itakuwa imechelewa kwa nusu mtetemo kamili. Wakati wimbi la kwanza liko juu, la pili liko chini. Yakichanganywa kwa nguvu sawa, yanafutana.

Sauti ya hezi 1,000, kwa upande mwingine, hukamilisha mtetemo mmoja katika milisekunde 1. Nakala yake iliyochelewa kwa muda huo huo itapatana nayo barabara, kilele juu ya kilele, na sauti itaongezeka. Kwa hiyo, ucheleweshaji wa milisekunde 1 huleta mapengo kwenye hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea, na vilele kwenye hezi 1,000, 2,000, 3,000 na kuendelea. Mchoro wa mapengo na vilele hivyo hufanana na meno ya chanuo, ndiyo sababu wataalamu huuita uchujaji wa chanuo.

Kanuni yake ni rahisi. Pengo la kwanza hupatikana kwa kugawa 1 kwa mara mbili ya ucheleweshaji, ukihesabiwa kwa sekunde. Mapengo yanayofuata huwa mara tatu, mara tano, mara saba ya marudio hayo. Ucheleweshaji ukiongezwa hadi milisekunde 2, pengo la kwanza hushuka hadi hezi 250. Ukipunguzwa hadi nusu milisekunde, hupanda hadi hezi 1,000. Flanja huubadilisha ucheleweshaji huo bila kukoma, na meno yote ya chanuo hupanda na kushuka pamoja. Huko kutembea kwa chanuo ndiko msikilizaji anakokusikia.

Jambo hili lilitambuliwa zamani sana. Mnamo mwaka 1693 mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens aliandika kwamba sauti ya chemchemi katika bustani ya Chantilly, nchini Ufaransa, ilipata mlio wa kimuziki kwa sababu ya kurudishwa na ngazi za mawe zilizokuwa karibu.

Kutoka utepe hadi kanyagio

Kabla ya kuwapo vifaa vya kukanyaga, athari hii ilipatikana studioni kwa mashine mbili za utepe. Wimbo mmoja ulipigwa katika mashine zote mbili kwa wakati mmoja, kisha fundi aliigusa kwa kidole kingo ya gurudumu la utepe la mashine mojawapo ili kuichelewesha kidogo. Wimbo wa “The Big Hurt” ulioimbwa na Toni Fisher mwaka 1959, na ule wa “Itchycoo Park” wa kundi la Small Faces wa mwaka 1967, ni mifano inayojulikana sana ya sauti hiyo.

Kuhusu jina lenyewe yapo maelezo mawili. La kwanza hulihusisha na neno la Kiingereza lenye maana ya kingo ya gurudumu la utepe. La pili husimulia kwamba, baada ya fundi Ken Townsend kubuni mwaka 1966 mtambo wa kurudufu sauti katika studio ya Abbey Road mjini London, mtayarishaji George Martin alimpa John Lennon maelezo ya mzaha yenye neno hilo, na Lennon akalishika.

Mashine mbili za utepe haziwezi kubebwa jukwaani. Ufumbuzi ulitoka Uholanzi. Mwaka 1969 F. Sangster na K. Teer, wa maabara ya utafiti ya Philips, walitangaza kifaa cha elektroniki ambacho jina lake la Kiingereza lilitokana na watu wanaojipanga mstari na kupokezana ndoo za maji ili kuzima moto. Ndani ya chipu moja hupangwa kapasita nyingi ndogo, kila moja ikiwa mfano wa ndoo. Umeme unaowakilisha sauti humiminwa katika ndoo ya kwanza. Kwa kila pigo la saa ya elektroniki, kila ndoo humpa jirani yake iliyo nayo. Maji yanayotoka mwisho wa mstari ni yale yale yaliyoingia mwanzoni, ila yamechelewa.

Hapa ndipo ilipo maana ya neno analogi. Ijapokuwa sauti hukatwa vipande vipande vya wakati, kiasi cha umeme kilichomo katika kila ndoo hakigeuzwi kuwa tarakimu. Ni kiasi chenyewe kinachosafirishwa.

Muda wa safari hutegemea idadi ya ndoo na kasi ya mapigo. Chipu zinazotumika sana katika flanja, kama vile MN3007 na MN3207, zina hatua 1,024. Ucheleweshaji hupatikana kwa kugawa idadi ya hatua kwa mara mbili ya marudio ya saa. Saa ikipiga mara 512,000 kwa sekunde, sauti huchelewa kwa milisekunde 1. Ikipiga mara 51,200, huchelewa kwa milisekunde 10. Basi kuifanya chanuo itembee ni kuiharakisha na kuipunguza kasi saa hiyo tu.

Katika miaka iliyofuata vifaa hivi vilienea. Electric Mistress ya kampuni ya Electro-Harmonix ya New York ilitoka mwaka 1976, ikiwa imebuniwa na David Cockerell. Kampuni ya BOSS ya Japani ilitoa BF-2 mwaka 1980, yenye vitufe vinne vya kuzungusha, na mpangilio huo unafaa kutumiwa kama somo.

Vitufe vinne

Kitufe kilichoandikwa MANUAL huweka ucheleweshaji wa msingi, yaani mahali chanuo inapoanzia. Kile cha DEPTH huamua chanuo itembee umbali gani kutoka hapo. RATE huamua itembee kwa kasi gani. RES, ambacho katika vifaa vingine huandikwa FEEDBACK au COLOR, hurudisha sehemu ya sauti iliyochelewa kwenye mlango wa kuingilia, ikapitie ndoo mara ya pili na ya tatu. Mrejesho huo huvifanya vilele kuwa vyembamba na vikali, na sauti hupata mlio kama wa bomba la chuma. Ukizidishwa mno, kifaa huanza kupiga kelele chenyewe hata kama gitaa limenyamaza.

Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kuvizungusha vyote vinne hadi mwisho. Yafaa aanze na mrejesho ukiwa chini kabisa, kasi iwe ndogo kiasi cha safari moja kwa sekunde tano hivi, na kina kiwe nusu. Baada ya kulizoea sikio, aongeze kitufe kimoja kwa wakati mmoja. Kasi ikiongezwa, kina kipunguzwe. La sivyo sauti huyumba hata noti zikasikika kama zimetoka nje ya ufunguo.

Mpangilio wa vifaa nao una maana. Chanuo haina la kuchuja ikiwa sauti haina mitetemo mingi ya juu. Kifaa cha kukwaruza sauti, yaani distoshani, huongeza mitetemo hiyo. Kwa hiyo flanja iliyowekwa baada yake husikika kwa nguvu zaidi kuliko ile iliyotangulia.

Tatizo la besi

Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41 hivi; zinazofuata hutoa 55, 73 na 98. Sasa na itumike kanuni ya pengo la kwanza. Ucheleweshaji wa milisekunde 5 huleta pengo kwenye hezi 100, na ule wa milisekunde 12 huleta pengo karibu na hezi 42. Hii ina maana kwamba flanja inayotembea kati ya milisekunde 5 na 12 hupita juu ya mtetemo wa msingi wa kila uzi wa besi, ikiufuta mmoja baada ya mwingine. Bendi nzima huyumba, kwa maana besi ndiyo iliyobeba jengo.

Zipo flanja ambazo huigeuza nakala juu chini kabla ya kuichanganya. Hapo vilele na mapengo hubadilishana nafasi, na pengo la kwanza huwa kwenye sifuri, yaani sauti zote nzito hupungua daima. Katika gitaa la kawaida sauti hiyo nyembamba huweza kupendeza. Katika besi ni hasara.

Kwa hiyo mpiga besi atafute kifaa chenye moja kati ya mambo mawili: ama kitufe cha kuchanganya, kinachomwezesha kubakiza sehemu kubwa ya sauti asilia, ama kichujio kinachoziacha sauti nzito zipite bila kuguswa. Akikosa yote mawili, aweke ucheleweshaji mfupi. Kwa milisekunde 1 pengo la kwanza liko hezi 500, mbali na mitetemo ya msingi.

Wakati wa kununua

Kwanza, isomwe karatasi au chapa iliyo chini ya kifaa. Vingi hutumia volti 9, lakini vipo vya zamani vinavyodai volti 18. Muhimu zaidi ni upande wa chanya na wa hasi. Vingi huwa na hasi katikati ya plagi, ila si vyote. Adapta iliyogeuzwa huweza kuunguza chipu kwa muda mfupi.

Pili, kifaa kisikilizwe bila kupiga gitaa. MANUAL iwekwe kwenye ucheleweshaji mrefu kabisa. Hapo saa hupiga polepole, na kama vichujio ni dhaifu, mlio mwembamba wa mapigo yake utasikika.

Tatu, ipigwe noti moja nene na kuachwa ilie. Chanuo ipande na kushuka sawasawa, bila mkwaruzo. Kifaa kinachopitisha sauti safi lakini chanuo haitembei huenda kina chipu iliyokufa, au kinahitaji kurekebishwa volti ya chipu hiyo kwa skurubu ndogo iliyo ndani. La pili ni kazi ya fundi ya dakika chache. La kwanza hutegemea vipuri. Chipu ya SAD1024, iliyotumika katika vifaa vingi vya miaka ya 1970, haitengenezwi tena na ni adimu, hali MN3207 ina mbadala kama V3207. Mwenye fedha kidogo atafanya vyema kuchagua kifaa ambacho chipu yake bado inapatikana.

Jaribio la darasani

Mwalimu asiye na gitaa wala flanja anaweza kuonyesha jambo hili kwa ukuta mtupu. Mwanafunzi ausogelee ukuta uso kwa uso huku akitoa sauti ya “shhh” mfululizo, kwanza kwa mbali, kisha karibu. Atasikia mlio ukipanda kadiri anavyokaribia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kinywa na sikio vikichukuliwa kuwa mahali pamoja, umbali wa sentimita 17 kutoka ukutani ni safari ya sentimita 34 kwenda na kurudi, yaani milisekunde 1. Wanafunzi wakokotoe pengo la kwanza katika umbali huo, kisha katika nusu yake, na waeleze kwa nini mlio ulipanda. Atakayeweza kueleza ameielewa flanja, hata kama hajawahi kuikanyaga.