Baraza Ilitangulia Chama

Mtu apitaye mitaa ya Ng'ambo baada ya sala ya laasiri hana haja ya kuuliza mambo ya nchi hujadiliwa wapi. Atasikia vikombe vya muuza kahawa vikigonganishwa, atawaona wazee wamekabiliana mbele ya bao na vijana wameizunguka meza ya dhumna, na katikati ya vishindo vya mchezo atasikia bei ya mchele, habari za bandarini, na kisa cha mheshimiwa aliyeahidi kisima ambacho mpaka leo hakijaonekana. Hapana mwenyekiti wala ajenda. Aliyechelewa husogezewa nafasi, na aliyesema upuuzi huchekwa mpaka akajirekebisha. Sisi watu wa Chama tumezoea kuliita jambo hili kupoteza wakati, na walioshika nafasi serikalini hulitazama kwa shaka zaidi. Naamini sote tunakosea, na kosa lenyewe si dogo.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi ya viwanja vilivyojengwa nyumba zao. Wakati huo hapakuwa na chama cha siasa cha wanyonge, hapakuwa na tawi, wala kadi. Watu waliambizana wapi, na nani aliwatia moyo? Waliambizana barazani, kisimani, ngomani na uwanjani. Katika mwaka huohuo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba ambaye alipata kutembeza vyungu vya kuuza, alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay kutia nyimbo zao katika santuri. Kabla yake taarabu iliyosikika katika majumba ya wakubwa iliimbwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akaiweka mbele ya watu wa Ng'ambo, na ndani yake wakasikia mambo yao wenyewe: hakimu aliyepotoka, tajiri aliyedhulumu, mwanamke aliyeonewa. Wimbo wake wa "Kijiti" ulihusu mauaji ya mwanamke mgeni na namna sheria ilivyowageukia mashahidi huku muuaji akitoroka. Msikilizaji alicheka pahala pa kucheka, akaondoka akiwa na neno la kusema juu ya mahakama.

Kisha tazama mpangilio wa miaka. Klabu ya mpira ya African Sports ilianzishwa mwaka 1933. African Association ikafuata mwaka 1934. Shirazi Association ilizaliwa mwaka 1939, na tarehe 5 Februari 1957 jumuiya hizo mbili zikaungana kuwa Afro-Shirazi Party. Mpira ulitangulia katiba ya jumuiya, na hili halikuwa bahati tu. Watu waliokwisha kuchangishana fedha za jezi, waliokwisha kugombana na kupatana baada ya mechi, walikuwa tayari wanajua nani ni mwaminifu wa kushika hazina na nani hodari wa maneno matupu. Chama kilipokuja kilikuta kazi ngumu imekwisha kufanyika.

Wenzetu wa Bara wanao mfano wao. TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed alipotakiwa kuwaleta wanawake wa Dar es Salaam, hakuanza kwa kupanga viti na kutayarisha hotuba. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma, basi aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu alijua kwamba humo wanawake walikuwa na uongozi wao, mifuko yao ya kusaidiana na heshima baina yao. Kundi moja likikubali, lilikubali lote.

Walakini si haki kuisifu baraza kama kwamba haina ubaya. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 palepale tulipokuwa tukicheka pamoja pakawa ukuta. Duka likawa la chama, basi likawa la chama, na wapo waliokataa kwenda kumzika jirani kwa sababu ya rangi ya bendera yake. Kufika Juni 1961 fujo za uchaguzi ziliua watu 68. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 tulidhani tumekomaa. Haikupita miaka mingi arusi zikaanza kugawanyika tena, Unguja na Pemba, na ilipofika Januari 2001 damu ilimwagika.

Hapa sina budi kueleza langu. Mwaka 2000 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na kwa kuwa khati yangu ilikuwa nzuri, niliyofunzwa chuoni kwa kalamu na ubao, maskani yetu ilinipa kazi ya kuandika katika ubao wa mtaa. Jirani yetu mmoja, fundi wa baiskeli, alikuwa wa upande wa pili. Yeye na mimi tulihitimu chuo kimoja, yeye akinitangulia kwa juzuu kadhaa, na fimbo ya mwalimu tuliila pamoja. Nilianza kwa mzaha: niliandika kwamba chama chake kitashinda siku baiskeli yangu, aliyonitengenezea tangu Mfunguo Mosi, itakapotembea. Mtaa mzima ulicheka. Yeye alikuja, akasoma, akaomba chaki, akajibu chini yake kwamba baiskeli ya asiyelipa haina haraka. Kwa muda wa siku nne watu walipita njia ile makusudi ili kusoma tumefikia wapi.

Wiki iliyofuata mkubwa mmoja wa maskani akaniambia niandike neno kali zaidi, linalogusa asili ya jirani yule na walikotoka wazee wake. Niliandika. Alipita na kikapu chake cha sokoni, akasimama, akasoma mpaka mwisho, akaenda zake bila ya kuomba chaki. Hakukaa tena barazani kwetu. Mama yangu alipofariki mwaka 2003, alisimama ng'ambo ya pili ya njia jeneza lilipotoka, akalifuata kwa mbali hadi makaburini, akatia mafumba matatu ya udongo kama itakiwavyo, akaondoka bila ya kunipa mkono. Nimemwendea mara mbili tangu hapo. Amenipokea kwa adabu na kahawa, na tumezungumza habari za mvua.

Ndiyo maana nasema kwamba mzaha si jambo la kuachiwa wavivu. Wazee wetu waliujua mpaka wake vizuri kuliko sisi. Katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambao hufanyika kila Julai, wanaume wa upande wa kaskazini na wa upande wa kusini hupigana kwa makuti ya migomba hadi wachoke, nao wanawake huimba nyimbo za kejeli wakiwa wamevaa nguo mpya. Lakini silaha ni mgomba, haiwi rungu, anayepiga hupigwa, na mwisho wake kila nyumba hutaka mgeni wa kula nayo chakula. Hayo matatu ndiyo niliyoyasahau na chaki mkononi. Fundi wa baiskeli angeweza kujibu juu ya baiskeli. Juu ya babu yake hakuwa na jibu, na mimi nilijua kuwa hana.

Sasa niwageukie ndugu zangu watendaji, na wanivumilie. Sisi tunapotaka utamaduni huagiza burudani. Kundi la ngoma huletwa kwa gari tangu asubuhi, hupewa fulana, huchezeshwa juani, na king'ora cha mgeni rasmi kinaposikika ngoma hukatizwa katikati ya ubeti. Wanaoimba hupangiwa la kuimba, na hilo aghalabu ni jina la mgeni. Sisemi kwamba sanaa haifai kutumikia chama. Kundi la TOT chini ya marehemu Kapteni John Komba lilijaza viwanja katika kampeni nyingi, na nyimbo zake watu wanaziimba mpaka leo. Lakini umati uliofuata muziki hutawanyika pamoja na vipaza sauti, na siku ya pili hakuna aliyemjua mwenzake zaidi ya jana. Baraza ya watu kumi na wawili hubaki kesho na keshokutwa.

Mzee Abeid Amani Karume, tarehe 7 Aprili 1972, siku aliyouawa, alikuwa ameketi na wenzake mchezoni katika makao makuu ya chama pale Kisiwandui. Rais wa nchi alikuwa na desturi ya kukaa jioni mahali ambapo angeweza kufungwa mchezo na kuchekwa. Ni wangapi kati yetu leo, hata katika ngazi ya wilaya, wanaokaa hivyo? Tunapita barazani tukiwa ndani ya gari, vioo juu, kisha tunaomba ripoti ya hali ya siasa.

Ilipokuja kura ya maoni ya Julai 2010 juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, na zaidi ya asilimia 66 wakakubali, sifa walipewa viongozi walioketi pamoja Novemba 2009, nao walistahiki. Ila kabla yao walikuwapo wauza kahawa ambao kwa miaka yote ya uhasama waliendelea kumimina kutoka dele moja kwa watu wa pande zote mbili, na masikio yao yalisikia mengi wasiyoyahamisha.

Ubao wa maskani yetu bado upo. Baada ya mabishano marefu tumekubaliana kwamba yeyote wa mtaa huu, mwenye kadi yetu, mwenye kadi nyingine au asiye na kadi, anaweza kuuandikia. Chaki anaishika muuza kahawa, ambaye ndiye anayeamua lipi libaki na lipi lifutwe. Katika wiki ya kwanza alifuta maneno mawili, na moja lilikuwa langu.