Unga wa kapsuli haufiki kwenye chuma

Swali huja karibu kwa maneno yaleyale. "Dokta, hiki kidonda kinatoa usaha tangu masika. Namwagia rangi mbili kinakauka, halafu kinafumuka tena. Sasa nimwagie dawa gani?" Anayeuliza ana chuma mguuni. Aligongwa kwenye barabara ya Mwanza–Musoma, mara nyingi akiwa juu ya bodaboda, akapelekwa hospitali ya Bugando, akafungwa plati au akawekewa ule msumari mrefu unaopita ndani ya mfupa, kisha akarudi nyumbani Mkula, Lamadi au Bariadi. Miezi ikapita, kovu likafunguka tundu lisilozidi punje ya mtama.

Usimwagie chochote. Swali hili nimelijibu hivyo kwa mgonjwa mmoja mmoja kwa miaka, na bado wiki ijayo atakuja mwingine mwenye gamba la njano juu ya muundi, kwa hiyo leo nalieleza kwa kirefu.

Kapsuli, hiyo mnayoiita rangi mbili, ilitengenezwa imezwe. Ndani yake, pamoja na dawa, kuna unga wa kujazia kama wanga au talki, na haikufungashwa kwa usafi unaotakiwa kwa nyama iliyo wazi. Ukiipasua juu ya tundu, unga hulowana na majimaji ya kidonda, ukaganda. Hilo gamba ndilo mgonjwa analoliita kukauka. Chini yake usaha haujapungua hata tone, ila umezibiwa njia. Unajikusanya, mguu unavimba, homa inapanda usiku, mwishowe gamba linabanduka na usaha unamwagika. Hapo mtu anafurahi kwamba dawa imeutoa uchafu, anarudi duka la dawa muhimu kununua nyingine. Nimewaona waliozunguka hivyo hadi mfupa ukafa kipande kizima, kikaja kutolewa kwa koleo.

Tundu ni mdomo tu. Makao ya bakteria yako chini, juu ya chuma chenyewe. Wakishatua pale hujitandazia ute, utelezi uleule unaouona kwenye mawe ya ziwani pale Lamadi. Ndani ya ute huo wanazaliana polepole sana, ilhali dawa nyingi tulizonazo humuua bakteria anapokuwa anazaliana. Chuma nacho hakina mishipa ya damu, kwa hiyo askari wa mwili hawana njia ya kukifikia vizuri. Bakteria waliojifunika hivyo wanaweza kuhitaji dawa hata mara 1,000 ya kiasi kinachowaua wakiwa wanaelea kwenye damu. Hakuna figo ya binadamu itakayostahimili kipimo hicho, na chembe za unga zilizokwama kwenye ngozi, sentimeta kadhaa juu ya plati, hazikikaribii.

Jambo hili si geni. Mwaka 1957, Elek na Conen huko Uingereza waliwadunga watu waliojitolea bakteria aina ya stafilokokasi. Ngozi tupu ilihitaji mamilioni ya vijidudu ndipo itunge usaha. Walipoweka uzi wa hariri wa kushonea, mamia tu yalitosha. Huo ni uzi mmoja. Plati yenye skurubu nane inawapa bakteria nafasi kubwa mno kuliko uzi.

Wapo waliosoma wanaoniambia kwamba hata madaktari wa upasuaji hunyunyiza unga. Ni kweli, na inafaa nieleze tofauti. Unga wa vankomaisini unaotumika hutoka kwenye kichupa kisicho na kijidudu na huwekwa mara moja, ndani kabisa, juu ya chuma, kabla ya kushona, bakteria wakiwa bado hawajajenga ute wao. Hapa kwetu, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili wamefanya utafiti wa kuchoma gentamaisini ndani ya jeraha la muundi uliovunjika ukatoka nje. Yote hayo ni kinga ya siku ya kwanza, mikononi mwa aliyelifungua jeraha na kuliosha. Kumwaga unga miezi mitano baadaye, juu ya ngozi, nyumbani, ni kitu kingine kabisa.

Na tafadhali tuache kusema chuma kimeoza au damu imekikataa. Vyuma hivi ni titani au chuma cha pua. Haviozi kama msumari wa bati. Ukiona usaha, kuna bakteria, na huyo anatafutwa.

Anatafutwaje? Kwa vipande vya nyama na mfupa kutoka ndani, vitatu hadi vitano, vinavyooteshwa maabara. Pamba iliyopitishwa mdomoni mwa tundu huokota wadudu wa ngozi na kukupa jina la uongo. Kama huna homa na daktari amekubali, dawa husimamishwa wiki 2 kabla ya vipimo, la sivyo hakioti kitu. Ukianza kuvuja ndani ya wiki tatu nne za kwanza, rudi siku hiyohiyo: jeraha hufunguliwa, huoshwa, chuma hubaki na mara nyingi mguu hupona. Umechelewa, mfupa haujaunga, lakini chuma kimekaza? Huoshwa na chuma huachwa kishike hadi mfupa uunge. Kimelegea? Kinatoka, unafungwa antena, yaani vyuma vya nje vinavyoushika mfupa. Mfupa umeshaunga? Chuma kitolewe na mfupa uliokufa ukwanguliwe. Dawa huenda wiki 6 hadi 12. Rifampisini husaidia sana dhidi ya stafilokokasi kwenye chuma, lakini haimezwi peke yake hata siku moja, kwa kuwa bakteria huizoea upesi, na ndiyo dawa yetu ya kifua kikuu.

Kinga ni bora zaidi, na tunaihitaji. Utafiti wa Bugando uliochapishwa 2011 ulifuatilia wagonjwa 250 wa upasuaji mkubwa wa aina mbalimbali. 65 walipata maambukizi ya kidonda. Mfupa ukitoka nje, funika kwa kitambaa safi, usimwage mafuta ya taa wala majivu, fika hospitali upate dawa ya mshipa, ikiwezekana ndani ya saa 1. Kabla ya upasuaji usinyoe mguu kwa wembe. Mikwaruzo ndiyo milango. Dawa ya kinga hutolewa ndani ya saa 2 kabla ya kisu, na baada ya hapo mfuko wa vidonge vya kwenda navyo nyumbani hauongezi kinga. Dhibiti sukari, acha tumbaku.

Mwisho, tunza karatasi ya upasuaji. Misumari mingi ya hospitali zetu ni ya SIGN, shirika la Marekani linaloitoa bure. Madaktari nao hulirudishia shirika hilo picha za eksirei za maendeleo yako, na picha hizo hazipatikani usiporudi kliniki. Kila aina ya chuma ina bisibisi yake, na daktari anayejua mapema aliyoiweka mwenzake huandaa inayofaa kabla hujalazwa mezani.